Mlango wa Bunge na mlango wa Ikulu: kisa cha polisi wa Kenya waliopelekwa Haiti

Julai 29, 2023, Alfred Mutua, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitangaza kwamba nchi yake iko tayari kuongoza kikosi cha kimataifa nchini Haiti na kutoa polisi 1,000. Bunge halikuwa limeulizwa. Lilikuja kuulizwa Novemba 16, siku 110 baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likiwa limeshapiga kura na Baraza la Mawaziri likiwa limeshaidhinisha. Hata Marekani ilikuwa imeshaahidi fedha kwa kuamini kwamba Kenya inakwenda.

Wapinzani wa mpango huo walikuwa na hoja nzito na mwanasheria anayeijua Katiba kutoka jikoni ilikopikwa, na walishinda kesi yao katika Mahakama Kuu. Miezi mitano baada ya ushindi huo, polisi walipanda ndege. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba serikali ilipuuza mahakama. Kuna chembe ya ukweli humo, lakini maelezo hayo yanaruka jambo muhimu zaidi. Hukumu ya Januari 26, 2024 iliufunga mlango ambao Bunge ndilo mlinzi wake, kisha ikaonyesha mlango mwingine ambao ufunguo wake uko Ikulu.

Mpango ulivyoanza

Haiti ilipoteza rais wake, Jovenel Moïse, aliyeuawa Julai 7, 2021. Ariel Henry alishika uwaziri mkuu wiki mbili baadaye bila uchaguzi, na Oktoba 2022 akaiomba jumuiya ya kimataifa kikosi cha kuisaidia polisi ya Haiti dhidi ya magenge yaliyokuwa yameukaba mji mkuu, Port-au-Prince. Kwa karibu mwaka mzima hakuna nchi iliyojitokeza kuongoza. Marekani ilikuwa tayari kulipa lakini si kupeleka watu wake. Kenya ilipojitolea, ilijaza nafasi iliyokuwa wazi kwa muda mrefu, na tangu hapo shinikizo la nje lilikuwa la kuisukuma mbele.

Agosti 2023 ujumbe wa tathmini wa Kenya ulikwenda Port-au-Prince. Oktoba 2, Baraza la Usalama likapitisha Azimio 2699 kwa kura 13, huku China na Urusi zikijizuia. Azimio hilo liliruhusu kikosi kwa miezi 12, na hapa kuna jambo lililowapita wengi: hakikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Hakikuwa na kofia za buluu, na bajeti ya ulinzi wa amani ambayo nchi wanachama huichangia kwa lazima haikukihusu. Fedha zilitegemea michango ya hiari kupitia mfuko maalumu. Kwa hiyo maswali ya nani analipa, kiasi gani na kwa muda gani hayakuwa na jibu New York, na ilipasa yajibiwe Nairobi.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa Bunge la Kenya kufikiwa na jambo la namna hii likiwa limeiva. Wanajeshi wa KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, waliingia Somalia Oktoba 2011 bila Bunge kuidhinisha kwanza. Novemba 2, 2022, Rais William Ruto alikabidhi bendera kwa wanajeshi wanaokwenda mashariki mwa Kongo, kisha Bunge likaidhinisha Novemba 9. Idadi yao ilikuwa 903. Anayetaka kuelewa kwa nini Mutua alitangaza mpango wa Haiti bila wasiwasi aanzie kwenye tarehe hizo mbili. Utaratibu wa bendera kwanza na Bunge baadaye ulikuwa umeshazoeleka, na upinzani haukuwa umeitoza serikali gharama yoyote.

Neno moja lililobeba kesi

Ibara ya 240(8) ya Katiba ya 2010 inalipa Baraza la Usalama wa Taifa la Kenya (si lile la Umoja wa Mataifa) mamlaka ya kupeleka majeshi ya taifa nje ya Kenya kwa shughuli za kusaidia amani au misaada mingine, kwa idhini ya Bunge. Hiyo ndiyo njia serikali iliyoichagua. Tatizo liko kwenye neno “majeshi”.

Kwa Kiswahili cha kila siku tatizo hilo ni gumu kuliona, kwa sababu wengi wetu bado tunasema “jeshi la polisi”. Katiba haisemi hivyo. Iliyokuwa Kikosi cha Polisi cha Kenya kabla ya 2010 iligeuzwa kuwa Huduma, na mageuzi hayo ya jina yalikusudiwa kuwatoa polisi kwenye utamaduni wa kijeshi. Ibara ya 239 inavitaja vyombo vitatu vya usalama wa taifa, yaani Jeshi la Ulinzi, Idara ya Ujasusi na Huduma ya Kitaifa ya Polisi, na kila kimoja kina sehemu yake. Ibara ya 243 inasema huduma hii ya polisi itafanya kazi kote nchini Kenya. Waandishi wa Katiba wangetaka polisi wapelekwe nje kwa njia ileile ya wanajeshi, wangetumia maneno “vyombo vya usalama” katika Ibara ya 240(8). Walitumia neno linalowahusu wanajeshi.

Aliyeipeleka hoja hii mahakamani ni Ekuru Aukot, kiongozi wa chama cha Thirdway Alliance. Alikuwa mkurugenzi wa sekretarieti ya Kamati ya Wataalamu iliyoandaa rasimu ya Katiba ya 2010, hivyo tofauti ya neno na neno haikuwa kwake hila ya kimahakama. Hakuwa na mbunge wa kupiga kura kwa niaba yake. Alichokuwa nacho ni Ibara ya 22 na ya 258, zinazomruhusu mtu yeyote kufika Mahakama Kuu akidai Katiba imevunjwa au iko hatarini kuvunjwa, bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumizwa. Kwa mpinzani asiye na kura Bungeni, hakuna chombo chenye nguvu kuliko hicho.

Ombi liliwasilishwa siku chache baada ya kura ya New York, likapewa nambari E389 ya 2023. Oktoba 9, Jaji Chacha Mwita alitoa amri ya muda kuzuia polisi wasipelekwe hadi kesi isikizwe. Amri hiyo iliongezwa mara kadhaa na ikadumu hadi hukumu.

Hatua hii ilipangwa vizuri mno, na wanaofikiria kesi za aina hii waitazame kwa makini. Kikosi kikishaondoka, mahakama husita kuamuru kirudishwe. Jaji hujiuliza nani atawalinda askari walioko uwanjani amri ikitoka ghafla, na serikali hujitetea kwamba maji yamekwisha kumwagika. Kikosi kikiwa bado kambini, amri ya kusubiri haimgharimu mtu maisha, na mizani ya haki huelekea upande wa mlalamishi. Aukot angefika mapema zaidi, Agosti kwa mfano, angeambiwa hakuna uamuzi bado, ni tangazo la waziri tu. Angefika Januari, ndege zingekuwa zimeondoka. Alifika katika wiki ambayo uamuzi ulikuwa umeshaonekana na utekelezaji haujaanza.

Bungeni: hoja zilizokuwepo na zilizokosekana

Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango Oktoba 13, siku nne baada ya amri ya mahakama. Kamati za usalama za Bunge la Taifa na Seneti zikakaa pamoja na kualika maoni ya umma, kwa kuwa Ibara ya 118 inalidai Bunge liwashirikishe wananchi.

Hoja za wapinzani zilikuwa nyingi na kwa kiasi kikubwa za kweli. Magenge ya wezi wa mifugo yalikuwa yanaua watu Bonde la Ufa Kaskazini, kiasi kwamba Februari mwaka huohuo serikali yenyewe ilikuwa imewapeleka KDF Baringo, Turkana na Pokot Magharibi kuwasaidia polisi. Lamu ilikuwa inashambuliwa na al-Shabaab. Watu wa Haiti huzungumza Krioli na Kifaransa, na polisi wa Kenya hawazungumzi hata kimoja kati ya hivyo. Mashirika ya haki za binadamu yalikumbusha rekodi ya polisi hao nyumbani dhidi ya waandamanaji. Wengine walinyooshea kidole makubaliano ya ulinzi ya miaka mitano yaliyotiwa saini na Kenya na Marekani Nairobi, Septemba 25, 2023, wiki moja kabla ya kura ya Baraza la Usalama, wakasema damu ya Mkenya inakodishwa.

Hizo ni hoja za jukwaani, na jukwaani zinafaa. Kwenye kamati hazikufika mbali, kwa sababu serikali ilikuwa na jibu la kila moja: tutafunza lugha, tutachagua wasio na doa, Bonde la Ufa lina operesheni yake. Swali lililoitoa serikali jasho ni la fedha. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, aliiambia kamati Novemba 9 kwamba polisi hawataondoka mpaka gharama zote zigharamiwe na nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, na makadirio yaliyotolewa yalikuwa takriban shilingi bilioni 36.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya dhahabu iliyoachwa ipite. Ahadi ya waziri mbele ya kamati si sharti la kisheria. Ili iwe sharti, ilipaswa kuandikwa ndani ya maneno ya hoja yenyewe: kwamba Bunge linaidhinisha idadi isiyozidi 1,000, kwa miezi 12, mradi mfuko uwe na kiasi fulani kabla ya ndege ya kwanza, na kwamba kibali kinakufa siku ya mwisho isipokuwa Bunge likihuishe upya. Marekebisho ya namna hiyo huhitaji mbunge mmoja wa kuyapeleka na mwingine wa kuyaunga mkono. Yanaweza kushindwa, naam. Lakini yakishindwa, wabunge wa serikali wanakuwa wamekataa hadharani kuiandika ahadi ya waziri wao, na hilo lenyewe ni ushahidi unaotumika mahakamani na kwenye kampeni.

Upinzani ulichagua kupinga hoja nzima. Kwa hesabu ya Spika Moses Wetang’ula ya Oktoba 2022, muungano wa serikali, Kenya Kwanza, ulikuwa na wabunge 179 na muungano wa upinzani, uitwao Azimio, ulikuwa na 157, na kwa hesabu hiyo anayedai yote au kukosa yote hukosa yote. Majira nayo hayakusaidia. Hizo ndizo wiki za mwisho za mazungumzo ya Bomas kati ya serikali na Azimio, yaliyoongozwa kwa pamoja na Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung’wah, na nguvu za viongozi wa upinzani zilikuwa kwenye gharama ya maisha na tume ya uchaguzi. Haiti ilikuwa mbali kwa kila maana.

Novemba 16 hoja ikapita. Siku hiyohiyo Jaji Mwita aliongeza amri yake hadi Januari 26. Wabunge waliambiwa kwamba wanajadili jambo lililo mahakamani, na jibu la serikali lilikuwa kwamba mahakama imezuia polisi kupelekwa, haijazuia Bunge kujadili. Kwa mtazamo wa sheria jibu hilo lilisimama.

Hukumu

Januari 26, 2024, Jaji Mwita alikubaliana na Aukot kwenye kiini. Baraza la Usalama wa Taifa, alisema, halina mamlaka ya kupeleka polisi nje ya Kenya chini ya Ibara ya 240(8), kwa kuwa majeshi yanayotajwa hapo ni Jeshi la Ulinzi. Uamuzi wowote wa kuwapeleka polisi Haiti kwa njia hiyo ulikuwa kinyume cha Katiba na batili.

Kisha hukumu ikaendelea. Polisi wanaweza kupelekwa nje, ilisema, ila kwa kufuata Sehemu ya XIV ya Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, yaani vifungu vya 107 na 108. Vifungu hivyo vinahusu nchi ambayo sheria zake zina masharti ya kupeana polisi yanayolingana na yale ya Kenya. Rais akiridhika kwamba masharti hayo yapo, huitangaza nchi hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Serikali ya nchi hiyo ikiomba msaada, Rais anaweza kuwaagiza polisi kwa idadi anayoona inafaa, kwenda kusaidia katika dharura ya muda. Kati ya Kenya na Haiti, jaji alibainisha, hakukuwa na makubaliano yoyote ya namna hiyo. Basi polisi hawaendi.

Nairobi kulikuwa na shangwe, na ilistahili. Lakini soma tena orodha ya wanaohusika katika Sehemu ya XIV: Rais, Gazeti Rasmi, serikali ya nchi nyingine. Bunge halimo. Chini ya Ibara ya 240(8) rais hawezi kupeleka kikosi bila Baraza la Usalama wa Taifa na bila kura ya Mabunge yote mawili. Chini ya Sehemu ya XIV anahitaji karatasi na mwenzake wa kuitia saini. Aukot aliitetea Katiba kwa haki, na jaji aliisoma ilivyoandikwa. Udhaifu uko kwenye Sheria ya 2011, iliyoweka ulinzi hafifu kwa polisi kuliko ulinzi Katiba iliouweka kwa wanajeshi. Ombi la mahakamani lingeweza kulitangulia hilo kwa kudai, kama ombi la pili la akiba, kwamba iwapo polisi watapelekwa nje kwa njia yoyote ile, idhini ya Bunge bado inatakiwa kwa sababu Katiba haingeweza kukusudia polisi walindwe kidogo kuliko askari wa vita. Pengine jaji angelikataa. Lakini lingekuwa mezani.

Ikulu ilielewa hukumu hiyo haraka kuliko wapinzani. Serikali ilitangaza itakata rufaa, na siku nne tu baadaye, akiwa Roma, Rais Ruto alisema mpango unaendelea na kwamba kinachosubiriwa ni nyaraka kutoka Haiti. Wengi walisikia ukaidi katika maneno hayo. Ulikuwa usomaji sahihi wa aya za mwisho za hukumu.

Makubaliano ya Machi 1

Machi 1, 2024, makubaliano ya kupeana polisi yalitiwa saini Nairobi mbele ya Ruto na Henry. Kabla Henry hajarudi nyumbani, magenge yaliungana, yakavunja magereza na kuwatoa maelfu ya wafungwa, na uwanja wa ndege ukafungwa. Alikwama Puerto Rico. Usiku wa Machi 11 alitangaza kwamba atajiuzulu, na kesho yake Kenya ikasitisha mpango hadi kuwe na serikali ya kuzungumza nayo.

Huu ndio wakati upinzani wa Kenya ulikuwa na silaha bora kuliko zote, na ndio wakati haukuonekana sana. Maswali ya kisheria yalikuwa yamejaa. Mapatano ya kisiasa ya Desemba 2022 huko Haiti yalilenga serikali mpya iingie Februari 7, 2024. Henry alitia mkono Machi 1. Tangu Januari 2023, muda wa maseneta wa mwisho ulipokwisha, Haiti haikuwa na hata kiongozi mmoja aliyechaguliwa na wananchi. Sehemu ya XIV inazungumza kuhusu sheria za nchi nyingine, na nchi isiyo na bunge inatunga wapi sheria hiyo?

Upande wa Kenya kuna Sheria ya Kuandaa na Kuridhia Mikataba ya 2012, inayopeleka mikataba Bunge la Taifa. Sheria hiyo ina tundu: kifungu cha 3(4) kinaondoa makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au mambo ya kiufundi na kiutawala. Je, kuwatuma polisi 1,000 kwenye mapigano ya bunduki ni “shughuli za serikali” za aina hiyo? Mbunge yeyote angeweza kudai mwongozo wa Spika kuhusu hilo mwezi Machi, mpango ukiwa umesimama na hakuna aliyekuwa na haraka.

Aukot alirudi mahakamani Mei, akidai kwamba serikali inaidharau hukumu na kwamba Henry hakuwa na uwezo wa kuifunga Haiti kwa saini yake. Safari hii hakupata amri ya kuzuia ndege. Mazingira yalikuwa yamebadilika: Haiti ilikuwa na Baraza la Mpito tangu Aprili 25 na waziri mkuu mpya, Garry Conille, aliyeteuliwa mwishoni mwa Mei, na Kenya ilikuwa na karatasi ambayo jaji mwenyewe aliitaja kuwa inakosekana. Madai ya kudharau mahakama huhitaji kuonyesha amri iliyo wazi na kitendo kinachoipinga waziwazi. Mtu anapoonyesha kwamba amefuata njia ambayo amri iliitaja, hata kwa kuchechemea, mzigo wa ushahidi unakuwa mzito kwa anayelalamika. Afadhali nguvu zingewekwa kwenye kesi mpya kabisa kuhusu uhalali wa makubaliano, iliyofunguliwa wiki ya kwanza ya Machi.

Juni 25

Ruto aliwaaga polisi wa kwanza Embakasi Juni 24, 2024. Walitua Port-au-Prince Juni 25, na kufikia katikati ya Julai walikuwa karibu 400.

Juni 25 hiyohiyo, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni Nairobi, na polisi wakawafyatulia risasi. Jioni Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, akatangaza kuwapeleka KDF barabarani kuwasaidia polisi. Nchi iliyokuwa imewasindikiza polisi kwenda kutuliza mji wa watu wengine ililazimika kuwaita wanajeshi kwenye mji wake. Hoja ya wapinzani ya mwaka uliotangulia, kwamba nyumbani hakujatulia, ilijithibitisha kwa gharama ambayo hakuna mpinzani aliyeitaka.

Tangazo la Duale linafaa kuwekwa kando ya kisa cha Haiti kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa sarafu ileile. Ibara ya 241(3) ina aya mbili zinazokaribiana. Aya (b) inawataka KDF wasaidie mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa kila wanapopelekwa hivyo. Aya (c) inaruhusu wapelekwe kurejesha amani penye ghasia, ila kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Kwa (b) wanajeshi hutoka kwanza, ripoti hufuata. Kwa (c) kura hutangulia. Tangazo lilisimama juu ya (b). Ghasia za waandamanaji ni dharura au ni ukosefu wa amani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama Bunge linaombwa au linaarifiwa.

Kesho yake Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kuidhinisha. Chama cha Wanasheria cha Kenya kikaenda mahakamani, na Jaji Lawrence Mugambi hakuwaondoa wanajeshi, lakini aliiagiza serikali ieleze kwenye Gazeti Rasmi, ndani ya siku mbili, wanajeshi watafanya nini hasa na kwa muda gani, akionya kwamba kuwapeleka bila mipaka ni mwelekeo hatari. Amri hiyo inaonekana ndogo ukiilinganisha na ya Mwita. Kwa macho yetu ina manufaa zaidi kwa wapinzani wa kesho. Mwita aliifunga njia na serikali ikapata nyingine. Mugambi aliiacha njia wazi, akadai kazi, mipaka na muda viandikwe, na vitu hivyo vikishaandikwa serikali haiwezi kuvikwepa kwa kubadilisha kifungu inachokitegemea.

Kilichobaki bila kudaiwa

Azimio 2699 lilipofikia ukingoni, Baraza la Usalama liliongeza muda hadi Oktoba 2, 2025 kwa Azimio 2751. Mfuko wa michango ulikuwa na sehemu ndogo tu ya gharama ya mwaka, iliyokadiriwa kuwa takriban dola milioni 600, na Agosti 2024 malalamiko ya marupurupu kuchelewa yalikuwa yamefika kwenye vyombo vya habari. Ile kauli ya Kindiki ya Novemba 9, kwamba hakuna atakayeondoka fedha zisipokamilika, haikuwa na mahali ilipoandikwa ambapo mtu angeweza kuishika na kuipeleka mbele ya jaji. Januari na Februari 2025 polisi zaidi wa Kenya waliongezwa.

Marekebisho yanayohitajika kwenye Sehemu ya XIV si marefu. Idhini ya Bunge kabla ya Rais kutoa agizo, kama ilivyo kwa wanajeshi. Tangazo la Gazeti Rasmi litaje idadi, kazi, mkuu wa kikosi na tarehe ya mwisho, na kila nyongeza ihesabiwe kuwa agizo jipya. Makubaliano ya kupeana polisi yaondolewe waziwazi kwenye tundu la kifungu cha 3(4) ili yafike Bunge la Taifa. Fidia ya aliyejeruhiwa au kufa iwe imetengwa kabla ya safari, kwa kuwa kikosi cha michango ya hiari hakina bajeti ya kudumu ya kuilipa. Kila miezi mitatu ripoti ipelekwe kwenye kamati ya usalama. Muswada kama huo unaweza kupelekwa na mbunge mmoja asiye waziri, wa upande wowote, na hauhitaji kura ya maoni.

Februari 23, 2025, polisi wa kwanza wa Kenya aliuawa akiwa kazini Haiti, katika jimbo la Artibonite. Hakuna mstari katika Sehemu ya XIV uliomtaka mtu yeyote aende Bungeni kueleza.